Tundu la Bafuni kwa Bibi Barica

Mtaani kwetu mtoto hakutishwa kwa zimwi. Zimwi lingekuwa afadhali, maana zimwi lina miguu na unalisikia likija. Sisi tulitishwa kwa propuh.

Propuh ni ule upepo unaoingilia dirishani na kutokea mlangoni, ukakukuta umekaa katikati. Nje, upepo ni upepo tu, hata uvume wa kung'oa vigae. Ila ukishaingia ndani ya nyumba na kupata pa kutokea, unageuka mnyama. Unapinda shingo. Unaingia sikioni na kuhamia humo. Unashika figo za wasichana, na msichana aliyeshikwa figo, kwa maelezo ya Bibi Barica, hatazaa, au atazaa mtoto wa kamasi maisha yake yote. Nimekulia Sesvete, pembezoni mwa Zagreb, kwenye mtaa wa nyumba za matofali ambazo kila mtu alijijengea mwenyewe siku za Jumamosi akisaidiwa na mashemeji, na mpaka nafika darasa la tatu sikuwahi kuona madirisha mawili ya nyumba moja yakiwa wazi kwa wakati mmoja.

Bibi Barica si bibi yangu wa damu. Ni jirani. Mama alikuwa akifanya kazi za zamu kiwanda cha mikate, baba alikuwa Ujerumani akiwajengea Wajerumani na kutuletea chokoleti kila Krismasi, kwa hiyo aliyenilea mchana ni yeye. Alinilisha, akanikuna mgongo, akanifundisha kuiba kwenye karata. Na alinifundisha kuogopa. Chini ya kila mlango wake alilaza nyoka wa kitambaa aliyejazwa mchanga, wa kuzuia upepo usipenye. Nikitoka kuoga alinifunga taulo kichwani, akanivika kofia juu ya taulo, akanikalisha kwenye kona ya jiko mbali na kila kitu kinachofunguka. Nilimwota huyo propuh. Ndotoni alikuwa mrefu, mwembamba, hana mdomo.

Nilipomaliza shule ya ufundi nikawa msafisha dohani. Mama alilia. Mtaa ulifurahi, kwa sababu kwetu ukimwona msafisha dohani unashika kifungo cha nguo yako na kuomba jambo, na jambo linakuwa. Ila walipoona kwamba bahati yao yenyewe ni msichana, tena ni Mirta, yule aliyemfungia paka kwenye sanduku la barua la padri, ukazuka mjadala kama bahati ya mwanamke inahesabika. Slavko, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya ile ya Bibi Barica, alisema inahesabika nusu. Nikamwambia basi naye ashike nusu ya kifungo. Tangu hapo kila nikipita alishika kifungo cha suruali, mkewe Zdenka akamchapa kwa kitambaa cha vyombo, na wote watatu tukacheka.

Hivyo ndivyo walivyonijua. Nikiwa juu ya paa nilipenda kutangaza habari, maana mtu akisimama juu anasikilizwa. Mwaka juzi nilimtangazia Slavko kwamba nguruwe wake ameonekana kwenye barabara kuu akielekea Slovenia, akatoka mbio na soksi tu. Hakuna aliyenichukia. Hakuna aliyeniamini pia, na sikuona hasara yake.

Kazini nilikuwa chini ya Štef, mtu mnene, mpole, ambaye sijawahi kumwona akicheka kabla ya saa sita mchana. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina boila la gesi bafuni la kupashia maji. Moto wa boila unakula hewa na pumzi yake inapanda dohani, ndiyo maana chini ukutani, bafuni, lazima pawe na tundu la kuingiza hewa, la ukubwa wa kitabu. Ukiliziba, moto unakosa pumzi na kuanza kutoa kitu kingine, kisicho na rangi wala harufu. Shuleni kinaitwa kaboni monoksidi. Štef anakiita Bubu. Bubu hakohozeshi mtu, hachomi macho. Unaona usingizi kidogo, unaona raha kidogo, unaegemea ukuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini tuliitwa kukagua dohani kwenye nyumba moja ambayo watu wake walikuwa wameshatolewa. Mezani palikuwa na kahawa imemiminwa na haijaguswa, na kijiko kimewekwa vizuri pembeni. Wiki nzima sikufanya mzaha, mpaka mama akanipima homa.

Sasa chukua tundu hilo uliweke kwenye nyumba ya mtu anayeogopa propuh. Tundu ukutani, la makusudi, linaloleta upepo wa Novemba pale pale mtu anapovulia nguo. Kwa mtaa wetu ilikuwa kama kuamriwa na serikali ufuge nyoka kitandani, tena nyoka wa kweli. Kila nyumba iliziba. Waliziba kwa soksi, kwa magazeti, kwa fulana za marehemu. Na kila mwaka siku ya ukaguzi habari ilitutangulia ua kwa ua kwamba watu wa masizi wako njiani, matambara yakatoka, sisi tukakuta matundu yote yanapumua, tukanywa kahawa, tukaondoka. Kahawa haijapoa, matambara yamesharudi.

Jumamosi ile nilianza kwa Bibi Barica asubuhi. Tundu lake lilikuwa wazi. Sikulipenda kama ilivyopasa, kwa sababu kingo zake hazikuwa na vumbi hata chembe, na tundu linalopumua mwaka mzima huwa na ndevu za vumbi. Nikapiga magoti pale, nikamtazama.

"Bibi, hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na hewa. Si ndiyo mnayoitaka?"

"Na mimi nikishaondoka, patakuwa na nini?"

"Antoni Mtakatifu ananiona, wewe mtoto. Nimewahi kukudanganya?"

Amenidanganya kwenye karata tangu nina meno ya utoto, lakini hilo sikulitaja. Nilikuwa na sababu ya kutoleta utani. Mdogo wangu Luce, wa miaka sita, alikuwa anakuja kuoga kwake mchana ule kabla ya misa, maana boila letu lilikuwa limekufa na tulikuwa tunasubiri kipuri. Na nje kulikuwa na jugo, ule upepo wa kusini unaokuja na joto lisilo la msimu na kuumiza watu vichwa. Dohani inataka baridi nje na joto ndani ndipo ivute. Siku ya jugo nje pana joto kama pumzi ya ng'ombe, moshi unafika mdomoni mwa dohani na kukosa hamu ya kutoka. Nikamshika Bibi Barica mabega, nikamwomba, walau leo, walau kwa ajili ya Luce, asilizibe. Akasema sawa, sawa, nenda zako, umeniachia mlango wazi.

Baada ya chakula nilikuwa juu ya paa la Slavko na brashi yangu ndefu. Štef alikuwa nyumba ya mwisho ya mtaa na kipimo chake, kile kinacholia kikimnusa Bubu. Tulikuwa nacho kimoja tu na hakimtoki mkononi. Slavko alikuwa uani anapasua kuni na kunifundisha jinsi ya kusimama.

Kwanza niliuona moshi wa jiko la Zdenka. Ulitoka kwenye dohani, ukasita, ukainama, ukaanza kushuka juu ya vigae kuelekea miguuni kwangu kama maziwa yaliyofurika sufuria. Nikasogeza buti. Nikainua macho kutazama mapaa mengine na kote ilikuwa vile vile, moshi umelala migongoni mwa nyumba. Nikatafuta kwa Bibi Barica. Dohani ya jikoni ilikuwa inatema chini kama za wenzake. Ile ya bafuni haikuwa inatoa kitu. Hata ule mvuke mwembamba wa boila haukuwepo. Lakini chini yake kioo cha dirisha la bafuni kilikuwa kimejaa ukungu, na taa inawaka mchana.

Boila lilikuwa linawaka na pumzi yake haitoki. Kama haitoki, basi iko ndani. Na Luce yuko ndani.

Sijawahi kuogopa paa. Pale niliogopa, nikajikuta nimekaa juu ya vigae nimeikumbatia dohani ya watu. Nikamwita Slavko. Nikamwambia akimbie kwa Bibi Barica, avunje mlango kama umefungwa, amtoe mtoto. Slavko alitua shoka, akakinga macho kwa kiganja, akanitazama vizuri.

"Na yule nguruwe?" akauliza. "Ameshavuka mpaka?"

Nikamwapia kwa mama yangu. Akasema mwaka huu nimeendelea, sauti ya kutetemeka imekaa mahali pake. Alikuwa anacheka kwa upendo kabisa, kama mtu anavyocheka na mtoto wa nyumbani.

Ngazi siikumbuki. Nakumbuka mtaa. Jumamosi watu wako nje wanafagia majani mbele ya mageti, na mimi ninapita mbio nimejaa masizi tangu buti hadi kofia, brashi mkononi, napiga kelele kwamba kuna gesi kwa Barica, njooni. Na wao, mmoja baada ya mwingine, wakaegemeza mafagio na kushika vifungo. Msafisha dohani anayekimbia, nadhani waliona ni bahati maradufu. Mama mmoja alifumba macho kabisa, midomo inachezacheza. Mimi pia nilikuwa naomba, ila vifungo nilivyokuwa navyo vilikuwa vya msafisha dohani, na hivyo havimsaidii mwenyewe.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikazunguka nyuma. Mlango wa jikoni ulifunguka kidogo ukakwama, nyoka wa mchanga ameubana kwa ndani, nikausukuma kwa bega hadi akasogea. Jikoni palikuwa na joto zuri, supu iko motoni, redio inasema polepole habari za hali ya hewa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Palikuwa pazuri. Mwili wangu ulitaka kukaa.

Bibi Barica alikuwa chini ukumbini, mgongo umeegemea ukuta karibu na mlango wa bafu, taulo la Luce mapajani. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana anayetoka kucheza. Aliniona, akatabasamu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema taratibu. "Mtoto yuko majini."

Nikamruka.

Luce alikuwa ndani ya hodhi la kuogea, kichwa kimelalia ukingo, maji kidevuni, macho nusu wazi. Bomba lilikuwa bado linamwaga na boila linanguruma juu yake kwa mwali wa njano, na mwali wa gesi ukiwa mzima ni wa buluu. Chini ukutani, ndani ya tundu, palikuwa na sweta la kijani lililosokotwa na kushindiliwa, kingo zimeingizwa kwa ncha ya kisu. Kazi safi, kazi ya mtu anayempenda mtu.

Nilifunga bomba, mwali ukafa. Nikavunja dirisha kwa mpini wa brashi. Nikamtoa. Mtoto aliyelowa ni mzito na anateleza, na shingo yake ilikuwa haishiki kichwa. Nikamwita jina lake. Nikamwita na lile jina la matusi ambalo hunishtakia kwa mama kila nikimwita. Hakunishtaki.

Nilipokuwa namruka tena Bibi Barica kutoka nje, alinishika suruali. Vidole havikuwa na nguvu, vikateleza. Alisema neno moja tu, nywele.

Nilimlaza Luce kwenye benchi la uani, juu ya koti langu. Alikuwa anapumua, kwa mbali, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Nilikuwa nataka kurudi ndani kumchukua Bibi Barica ndipo wakafika, Zdenka mbele, Slavko nyuma yake, wengine na mafagio. Walichokiona ni hiki: Novemba, upepo, mtoto uchi, ameloa mpaka nywele, na Mirta juu yake. Zdenka alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Hakuuliza kitu. Alimnyakua Luce, akamfunga ndani ya sweta lake, akageuka kuelekea mlango wa jikoni, kwenye joto.

Nilimshika nywele. Ndicho kilichokuwa karibu. Tukavutana pale mlangoni, mtoto katikati yetu.

"Humo ndani kuna sumu. Ukiingia naye mtatoka mmebebwa."

"Mirta, leo si siku ya mizaha."

"Sifanyi mzaha."

"Ndivyo unavyosemaga siku zote."

Ni kweli. Ndivyo ninavyoanzaga. Nilitafuta sauti nyingine, ya mtu mwingine, mtu mzima, mwenye suti, na sikuwa nayo. Nikamsihi tu aniachie mtoto, akae naye nje, afanye atakalo ila nje. Akanijibu kama sitaki kwa Barica basi atampeleka nyumbani kwake, na mimi nikakumbuka moshi wa jiko lake ulivyomwagika kuelekea buti zangu kule juu ya paa. Mtaani kwetu siku ile hapakuwa na nyumba hata moja niliyoiamini. Na Bibi Barica alikuwa bado chini ukumbini. Nikimwachia Zdenka mtoto nikaenda ndani, atamwingiza mtoto. Nikibaki kumshika Zdenka, Bibi Barica analala moja kwa moja. Nilisimama pale nimemshika mwanamke nywele na sikwenda popote, na kila nilipopumua nilijua kuna mtu wa pili ananilipia pumzi ile.

Slavko ndiye aliyetupita. Aliona mlango wazi, akaona kioo kimevunjwa, akasema tunapasha joto mtaa mzima, yeye anakwenda kufunga nyumba ili mtoto apate pa kuingizwa. Nikamwambia asifunge kitu. Nikamwambia Barica yuko chini, amtoe, amtoe tu na arudi. Akasema haya, haya, akaingia.

Tukasikia dirisha la jikoni likifungwa. Kisha la chumbani. Slavko ni mtu wa kazi kamili. Kikafuata kitambo ambacho nilielewa kuwa ni cha kusokomeza taulo kwenye kioo kilichovunjika. Kisha mlango wa ukumbini. Kisha hakuna kitu.

Zdenka alimwita. Hakuna jibu. Akamwita tena, safari hii kwa jina la ubatizo, Vjekoslav, ambalo nadhani hulitumia akiwa amekasirika sana au amehofu sana. Redio ilisikika ndani, bado iko kwenye hali ya hewa.

Ndipo nilipouona uso wa Zdenka ukiniamini. Sijawahi kutamani mtu aniamini kiasi kile na sijawahi kujuta hivyo alipofanya hivyo. Alikaa kwenye benchi, kwenye upepo, mtoto kifuani, akalifungua sweta kidogo ili Luce apate hewa usoni.

"Nenda," akasema.

Štef alikuwa anaingia getini, anahema, kipimo mkononi. Tulivuka kizingiti pamoja na kipimo kikaanza kulia kwa sauti ile ya ndege anayechinjwa. Slavko alikuwa amepiga magoti ukumbini. Alikuwa amemshika Bibi Barica kwapani na kumvuta kidogo, kisha miguu yake ikamkatalia. Alinitazama kama anataka kuniuliza jambo la aibu. Štef akamchukua yeye, mimi nikamchukua Bibi Barica kwa miguu na kumburuta kama gunia la makaa, sketi imempanda hadi kiunoni, na kichwa kikagonga kizingiti. Nikamwomba radhi, na nilipofungua mdomo kuomba radhi pumzi niliyokuwa nimeibana ikanitoka, nikavuta ile hewa. Haikuwa na kitu. Ilikuwa hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya supu.

Nje Luce alikuwa anatapika juu ya aproni ya Zdenka, analia, anasema kichwa kinamuuma na kwamba mimi ni mbaya. Nikakaa chini kwenye majani.

Gari la wagonjwa liliwachukua wote watatu. Waliwawekea hewa safi ya mtungi, Slavko akarudi nyumbani siku iliyofuata, Luce baada yake, na Bibi Barica mwisho, kwa sababu ya umri na kwa sababu ya kile kizingiti. Luce alirudi na kikohozi, cha kawaida kabisa, cha kila Novemba. Mtaa wote ukaja na supu. Na kila aliyekuja na supu alimvuta mama kando na kumwambia kwamba gesi ni kweli, Mungu ashukuriwe, Mirta kafanya kazi yake, ila kilichomwingia mtoto kifuani ni kule kutolewa nje ameloa. Slavko mwenyewe, aliyebebwa na Štef kama bibi harusi, alinishauri kwa upole kwamba siku nyingine nikimtoa mtu nianze kwa kumfunika shingo. Jibu la kuchekesha lilinijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza, kwa sababu niliona anasubiri nicheke, na niliogopa nikicheka tu jambo zima litakwenda kukaa pamoja na nguruwe.

Siku hizi nikiamka nafungua dirisha na kutoa mkono nje kabla sijanywa kahawa. Kukiwa na baridi namshukuru Mungu. Kukiwa na joto natoka kutembea mtaani, natazama juu, mapaa yote, hadi shingo inaniuma. Watu wanadhani naringa. Nikiona moshi umeinama nagonga mlango, na wakiniuliza kama ni mzaha nasema ndiyo, ni mzaha, nipe nione bafu lako. Hivyo wananifungulia haraka zaidi.

Bibi Barica hakuoga tangu arudi. Alijifuta kwa kitambaa na sufuria ya maji jikoni, na alipokwenda bafuni aliacha mlango wazi na kuimba, ili akinyamaza, mtu ajue. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwishowe akaniita. Akasema kioo kipya kimewekwa, tundu hajaligusa, niwashe boila na nikae naye mpaka atakaponiambia basi.

Nilichagua siku ya baridi kavu, moshi unapanda wima kama uzi. Nikaazima kipimo cha Štef, ambacho alinipa kwa mikono miwili. Nikawasha. Mwali ulikuwa wa buluu. Bibi Barica akakaa ukingoni mwa hodhi na nguo zake zote, mimi kwenye kigoda karibu na ukuta, kipimo mapajani. Upepo ukaingia kwenye tundu, ukapita sakafuni, ukagusa miguu yetu. Akainua yake.

"Nililiziba kwa ajili yake," alisema. "Ana nywele ndefu, hazikauki."

"Najua, Bibi."

Akaniuliza kama yule mwingine, Bubu, anauma. Nikamwambia hapana, ndiyo shida yake, hajitambulishi. Akafikiri. Akasema propuh angalau ana adabu, akija unamhisi. Nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha nikaona yeye hacheki. Hakuwa anatania. Alikuwa ameikandamiza mikono yake kwenye magoti kwa nguvu.

Basi tukakaa, maji yanamwagika bure, mimi nimekikodolea macho kipimo, yeye amelikodolea tundu. Upepo ulipanda ukutani ukanifika shingoni. Mwili wangu, ambao aliufundisha yeye, ukaanza kutaka kusogea, na sikusogea. Aliona. Alisimama, akavua shali yake, akanizungushia shingoni na kukaza fundo mpaka nikakohoa. Kisha akarudi kukaa pale pale, kwenye njia ya upepo, shingo yake wazi, akashika ukingo wa hodhi kwa mikono yote miwili na kuniambia nisizime boila kwanza.